Mchekeshaji na Waa la Zohali

Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyewachekesha Waingereza kwa miaka mingi, na ambaye wengi wao hawakujua afanyalo usiku baada ya pazia kushushwa. Jina lake William Thomson Hay, aliyezaliwa mwaka 1888 katika mji wa Stockton-on-Tees, kaskazini ya Uingereza. Ujanani alijifunza kazi ya uhandisi, tena akajipatia lugha kadhaa za kigeni kwa bidii yake mwenyewe. Lakini moyo wake ulivutwa na jukwaa, akawa mwigizaji.

Katika michezo yake alijifanya mwalimu mkuu wa shule, mwenye miwani ya kubana puani, asiyejua kitu, naye yu katika hofu wanafunzi wasije wakaligundua hilo. Wasomaji waliopitia shule za zamani huenda wakamkumbuka mwalimu wa namna hiyo, nasi hatutawauliza jina lake. Katika sinema ya mwaka 1937, Oh, Mr Porter!, aliigiza mkuu wa stesheni ndogo ya reli, na watu walicheka hata machozi.

Basi mtu huyo huyo alikuwa na darubini bustanini kwake huko Norbury, kusini ya London. Kioo chake cha mbele kilikuwa na upana wa inchi 6, yaani sentimita 15 hivi: chombo kizuri, lakini kidogo mno kikilinganishwa na darubini za wataalamu. Mbele ya wanafalaki alijiita W. T. Hay, wala hakutaka jina la jukwaani limtangulie. Twaona alikuwa na haki. Mtu aliyezoea kukuona ukifanya upuuzi kila Jumamosi hatakusadiki upesi ukimwambia umeona jambo jipya mbinguni.

Na jambo jipya aliliona. Usiku wa tarehe 3 Agosti 1933 aliielekeza darubini kwenye Zohali, ile sayari kubwa yenye pete, ambayo upana wake wapata kilomita 120,000. Kwa kawaida uso wa Zohali ni mtulivu, una mikanda hafifu ya rangi ya manjano, na mtazamaji aweza kukesha miezi asipate la kuandika. Usiku ule, karibu na ikweta yake, palikuwa na waa jeupe lenye umbo la yai, linalong'aa kupita yote yaliyolizunguka. Hapo ndipo ilipokuwapo hatari. Kama ni kosa la jicho, au la kioo, mchekeshaji angekuwa kichekesho kweli. Hay hakukimbilia magazeti. Alimpasha habari Steavenson, mtazamaji hodari wa siku zile, naye akatazama akaliona.

Kazi iliyofuata haikuwa ya kushangaa bali ya saa na kalamu. Zohali haina ardhi tuionayo. Kinachoonekana ni mawingu ya juu tu. Mtazamaji huandika dakika ile waa linapopita katikati ya uso wa sayari, kisha hulingoja lirudi tena, na kwa tofauti hiyo hujua mawingu yanazunguka kwa mwendo gani. Pale ikwetani mzunguko mmoja huchukua saa 10 na robo hivi. Hay alifanya hesabu hizo kwa uangalifu, kwani hata vyombo vya kupimia aliweza kujitengenezea. Waa lenyewe lilizidi kurefuka, likatawanyika kuifuata ikweta, mwishowe likafifia.

Leo yajulikana kwamba ni tufani kubwa: hewa yenye joto hupanda kutoka chini, na amonia iliyomo huganda ikawa mawingu meupe. Asaph Hall wa Marekani aliona waa la namna hiyo mwaka 1876, na Barnard mwaka 1903. Baada ya lile la Hay yalitokea mengine mwaka 1960, 1990 na 2010. Zohali hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu, basi msomaji aweza kujifanyia hesabu. Lile la 2010 liliwahi. Hata hapo, ingawa chombo cha Cassini kilikuwa kikiizunguka Zohali kwa karibu, watazamaji wa nyumbani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuliona.

Mwaka 1935 Hay alitoa kitabu cha kuwaeleza watu wa kawaida elimu ya nyota. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwafundisha vijana wa jeshi la majini la Uingereza elimu hiyo hiyo, kwa ajili ya kuongoza meli. Ndivyo mwalimu wa uongo alivyopata darasa la kweli. Alifariki London tarehe 18 Aprili 1949. Sayari ndogo namba 3125 imepewa jina lake: Hay.