Mchungaji Edmund Peck na Kanisa Lililoliwa na Mbwa

Tunapomshukuru Mungu kwa jubilii ya kwaya yetu, tumkumbuke mtumishi wake Mchungaji Edmund James Peck, aliyehubiri Injili katika nchi ya barafu, kaskazini mwa Kanada.

Alizaliwa mwaka 1850 karibu na Manchester, Uingereza. Alifiwa na wazazi mapema, akajiunga na jeshi la majini angali kijana. Mwaka 1876, CMS, chama kile kile kilichomtuma Krapf Mombasa, kilimpeleka kwa Wainuit wa Hudson Bay. Alijifunza lugha yao kwa bidii hata wakamwita Uqammaq, yaani asemaye vizuri.

Mwaka 1894 alihamia Kisiwa cha Blacklead, kituo cha wavuvi wa nyangumi. Huko hapaoti mti hata mmoja. Basi kanisa likajengwa kwa vitu vya wenyeji: mifupa ya nyangumi ikawa nguzo, na ngozi za sili, mnyama wa baharini, zikashonwa na kufunika juu na kando. Watu wakaingia, wakasali na kuimba kwa lugha yao.

Majira ya baridi yalipozidi, mbwa wa kuvuta sleji wakashikwa na njaa. Usiku mmoja walilivamia kanisa, wakazirarua zile ngozi na kuzila. Lakini ibada hazikukoma. Mwaka 1896 mwenzake, Joseph Parker, akafa maji. Peck hakukata tamaa. Ilimbidi angoje hadi mwaka 1901 ndipo abatize waumini wa kwanza kisiwani.

Wakati huo wote alitafsiri Injili na nyimbo. Wainuit wenyewe walisafiri na vitabu hivyo kwa sleji, wakafundishana kusoma, hata katika kambi ambazo mchungaji hajafika. Peck alifariki Ottawa mwaka 1924.

Leo mjini Iqaluit lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yuda, lenye umbo la iglu, nyumba ya theluji ya Wainuit. Liliteketea kwa moto mwaka 2005. Waumini wakalijenga upya kwa umbo lile lile, likawekwa wakfu mwaka 2012.

Wapendwa wanakwaya, ngozi zililiwa na mbao zikaungua, lakini wimbo waliofundishwa watu kwa lugha yao bado unaimbwa. Nasi tuwafundishe watoto wetu. Mungu aibariki jubilii yetu.