Geoffroy Saint-Hilaire na Nasaba ya Mamba wa Kale

Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alizaliwa mwaka wa 1772 mjini Étampes, Ufaransa. Jamaa zake walimtarajia awe kasisi. Yeye akaifuata sayansi, na alipokuwa na umri wa miaka 21 tu tayari alikuwa profesa wa elimu ya wanyama katika makumbusho mapya ya viumbe jijini Paris. Mnamo 1795 alimkaribisha huko kijana mwenzake, Georges Cuvier. Wakaandika makala pamoja. Hakujua kwamba alikuwa amemfungulia mlango mpinzani wake mkuu.

Mwaka wa 1798 aliandamana na msafara wa Napoleon hadi Misri, na kutoka huko zikaletwa Paris maiti za wanyama zilizohifadhiwa na Wamisri wa kale, wakiwemo mamba. Cuvier alipowachunguza ndege waliohifadhiwa hivyo kwa maelfu ya miaka, aliwaona hawana tofauti na walio hai. Kwake huo ukawa ushahidi kwamba spishi hazibadiliki.

Geoffroy alitafuta jibu katika mawe ya Normandy. Huko, karibu na Caen na katika pwani ya Honfleur, palikuwa pamechimbuliwa visukuku vya watambaazi wa majini, wenye mwili wa mamba na mdomo mrefu mwembamba. Cuvier aliwahusisha na gaviali, mamba wa India mwenye mdomo wa aina hiyo. Geoffroy aliyapitia upya mafuvu yenyewe, hasa mifupa inayozunguka njia ya hewa, akashawishika kwamba mfanano wa mdomo unahadaa. Mwaka wa 1825 akawapa majina mapya: Teleosaurus na Steneosaurus. Kisha akathubutu zaidi. Alidai kwamba mamba wa leo huenda wametokana na hao wa kale kwa vizazi visivyokatika, miili ikigeuzwa na mazingira, hewa ikiwa mojawapo.

Wakati huo Cuvier ndiye aliyekuwa na sauti kubwa katika Akademia ya Sayansi. Mwaka wa 1830 wawili hao walikabiliana hadharani (ajabu ni kwamba ugomvi ulianzia kwa ngisi, wala si mamba), na wengi waliona Cuvier ameshinda. Cuvier alifariki mwaka wa 1832. Geoffroy alipoteza uwezo wa kuona mnamo 1840, akafariki mwaka wa 1844, miaka 15 kabla ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi.

Geoffroy hakupatia yote. Leo Teleosaurus na jamaa zake huwekwa katika kundi la Thalattosuchia, tawi la kando lililokufa bila kuzaa mamba wa sasa, na wataalamu wangali wanabishana kuhusu mahali tawi hilo lilipochipukia. Lakini mamba wake wa Misri walimtetea. Mwaka wa 1807 alikuwa amewatenga baadhi yao kuwa spishi ya pekee, Crocodylus suchus, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa mamba wa Nile tu. Mnamo 2011 uchunguzi wa vinasaba, vikiwemo vilivyotolewa katika maiti hizo za kale, ulionyesha kwamba ni spishi mbili tofauti.