Jina la Livingstone

Jina hili tunalisikia sana, lakini wengi wetu hatujui kama mwenyewe alikaa hapa kwetu Kabambare.

David Livingstone alizaliwa 1813 kule Blantyre, Scotland. Angali na miaka 10 alitumika katika kiwanda cha pamba, usiku anasoma. Kisha akawa munganga na misionere. Mtoto wake Robert aliogopa kulitia jina la baba haya, akajiita Rupert Vincent; alikufa mfungwa katika vita ya Marekani, 1864.

Mwaka 1869 Livingstone akafika Kabambare. Vidonda vya miguu vikamlaza siku mingi. Waliomsaidia walikuwa wachuuzi wa pembe na watumwa, biashara ile ile aliyoichukia. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, aliona watu wa wachuuzi wakiua mamia kwa bunduki, wengi wanawake. Hakuweza kuwazuia, lakini aliandika yote. Alikufa 1 Mei 1873. Mwezi uliofuata soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Kwetu jina la Léopoldville lilifutwa 1966. Kule Zambia mji wa Livingstone uko na jina lake mpaka leo. Sisi tunaona: jina halikai kwa nguvu, linakaa kwa matendo.