Muhammad Naguib: Rais wa Jina

Ndugu yangu msomaji, ukiuliza rais wa kwanza wa Misri ni nani, wengi watakujibu haraka: Gamal Abdel Nasser. Sivyo. Wa kwanza ni Jenerali Muhammad Naguib, na kisa chake kina mazingatio.

Alizaliwa Khartoum, Sudan, mwaka 1901, baba yake akiwa afisa wa jeshi la Misri huko. Akaingia chuo cha kijeshi Cairo, akahitimu mwaka 1918. Hakutosheka na bunduki tu. Akasomea sheria akiwa jeshini na kupata shahada mwaka 1927. Mwaka 1942 vifaru vya Waingereza vilipozingira kasri ya Mfalme Farouk ili kumlazimisha amteue waziri mkuu wamtakaye wao, Naguib aliona ni aibu kwa jeshi, akaandika barua ya kujiuzulu. Ikakataliwa. Mwaka 1948 akapigana Palestina na kujeruhiwa.

Basi maafisa vijana waliopanga mapinduzi wakamwona ndiye. Wao hawakujulikana na raia. Yeye alikuwa na miaka 51, ana jina na heshima. Walipotwaa nchi tarehe 23 Julai 1952, wakamweka mbele. Siku tatu baadaye Farouk alipanda meli Alexandria kwenda uhamishoni, na Naguib mwenyewe akaenda kumuaga kwa heshima. Tarehe 18 Juni 1953 Misri ikawa jamhuri, Naguib akawa rais.

Lakini cheo ni kitu kimoja, na mamlaka ni kitu chengine. Mambo yaliamuliwa na Baraza la Uongozi wa Mapinduzi, na mwenye nguvu humo alikuwa Nasser. Naguib alitaka wanajeshi warudi kambini na bunge lirudi. Februari 1954 akajiuzulu. Watu wakamiminika barabarani, akarudishwa. Ungedhani ameshinda. Wapi! Aprili Nasser akashika uwaziri mkuu, Naguib akabaki na jina tu. Tarehe 14 Novemba akaondolewa, akafungiwa katika nyumba moja huko Marg, pembezoni mwa Cairo.

Humo alikaa kama miaka 17, na jina lake likafutwa katika vitabu vya shule, mpaka Anwar Sadat alipomwachia mwaka 1971. Alifariki tarehe 28 Agosti 1984, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Baadaye kituo cha treni ya chini ya ardhi Cairo kilipewa jina lake, na mwaka 2017 kambi kubwa ya jeshi.

Kijana mwenzangu, hebu jiulize. Siku utakapoitwa uwe mwenyekiti kwa sababu una jina zuri, uliza kwanza kalamu itashikwa na nani. Naguib alisema aliloamini na likamgharimu miaka 17. Cheo walichompa hakikumkinga hata siku moja. Mwenyezi Mungu amrehemu.