HANNIBAL: JAMAA ALIYEWAINGILIA WARUMI UBAVUNI

Wadau, leo tuachane kidogo na siasa. Nawaletea Hannibal, aliyezaliwa Karthago (Tunisia ya leo) mwaka 247 KK. Baba yake Hamilcar alikuwa jenerali, na dogo alikulia kambini Hispania. Akiwa na miaka 26 hivi akakabidhiwa jeshi. Mwaka 218 KK akavuka Alps na tembo, hiyo kila mtu anaijua, tuiruke.

Kinachoninyima usingizi mimi ni Cannae, kusini mwa Italia, Agosti 216 KK. Warumi walikuwa na askari wa miguu kama 80,000, yeye 40,000 tu. Katikati akapanga Wagauli na Wahispania, mstari umetuna mbele kama upinde. Pembeni, kulia na kushoto, akaweka askari wa Kiafrika, wamevaa silaha walizowapora Warumi haohao. Vita ikaanza, wale wa kati wakasukumwa nyuma, Warumi wakawafuata na kujazana. Wa pembeni kimya. Hebu fikiria: mwenzako anachinjwa hatua chache tu na wewe umesimama! Ukikimbilia kumsaidia umeharibu mpango, ukitoroka ndiyo kabisa.

Adui alipoingia ndani vya kutosha, wa kulia wakageukia kushoto, wa kushoto wakageukia kulia, wakanyoosha mistari, ndipo wakaingia ubavuni. Mliopiga gwaride shuleni mnanielewa. Sisi tulikuwa 30, uwanja mtupu, na amri moja ya kugeuka ilitosha mstari kupinda kama nyoka. Hawa ni maelfu, katikati ya vumbi na kelele! Nadhani ni kwa sababu walishapigana pamoja miaka mingi. Warumi wakabanwa hata kugeuka shida, na wapanda farasi wakawafunga mgongoni. Livius alihesabu maiti karibu 48,000, Polybius 70,000.

Ila Roma haikusalimu amri. Mwaka 202 KK huko Zama akakutana na Scipio. Huyu naye vijana wake walikuwa na nidhamu: waliitwa kwa tarumbeta katikati ya mapigano, wakarudi, mstari ukapanuliwa kwenda pembeni. Kisha wapanda farasi wake wakampiga Hannibal kwa nyuma. Dawa yake mwenyewe, jamani!

Baadaye alikimbilia mashariki, na mwaka 183 KK hivi akanywa sumu huko Bithynia, Uturuki ya leo, ili Warumi wasimkamate.

Haya wadau, wewe ungewekwa pale pembeni Cannae, ungesimama?