Leo Kanner, daktari aliyefunzwa na mkulima

Jirani yangu hapa Bula Pesa, Isiolo, ana kijana wa miaka 20 mwenye usonji. Alisoma katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum mpaka umri ukampita, akarudishwa nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa lolote. Akiamka anahesabu vyuma vya lango, akimaliza anaanza upya. Mwaka jana mama yake aliniuliza ampeleke wapi. Aliniuliza mimi kwa sababu nimewahi kuwa mwalimu, na huku bara mtu wa Pwani mwenye miwani hudhaniwa amesoma kila kitu. Palikuwa na njia mbili: makao fulani, mbali na hapa, yanayopokea watu wazima kama yeye, au kaka yake anayefuga mbuzi na ngamia upande wa Kinna, aliyekuwa akimtaka mpwa wake. Nilimjibu upesi kwamba makao ni bora, huko kuna wataalamu. Kisha nikaenda kusoma maisha ya mtaalamu ambaye jina lake limefungamana na usonji kuliko jingine lolote, nikajuta upesi wangu.

Leo Kanner alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Klekotów, karibu na mji wa Brody, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria na leo iko Ukraine. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1906 alipelekwa Berlin kwa mjomba wake akasome. Ujana wake wote alitaka kuwa mshairi, lakini wahariri walimrudishia mashairi yake. Sisi tuliokulia Pwani, ambako kila baraza lina malenga wake, tunajua uchungu huo. Ila yeye alikuja kuuona kama bahati: angefaulu, angebaki Ujerumani, na tunajua yaliyowapata Wayahudi waliobaki.

Akasoma udaktari, masomo yakakatizwa na Vita vya Kwanza vya Dunia ambamo alihudumu katika kikosi cha tiba, akarudi akamaliza, akawa daktari wa moyo Berlin. Mwaka 1924, fedha ya Ujerumani ikiwa imekwisha kuporomoka, alichukua mke wake June na mtoto wao wakavuka bahari hadi Yankton, South Dakota, kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1928 akahamia Johns Hopkins, Baltimore, na mwaka 1930 akaanzisha hapo kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika hospitali ya watoto Marekani. Kitabu chake kikubwa kuhusu tiba hiyo kilitoka mwaka 1935. Elimu ya akili ya watoto kwa sehemu kubwa alijifunza mwenyewe, kwa kukaa na watoto.

Jambo ambalo sikulijua kabisa, na ambalo lilinifanya nimwamini mtu huyu, halihusu usonji. Karibu na Baltimore palikuwa na taasisi ya serikali iitwayo Rosewood, waliyofungiwa watu wenye ulemavu wa akili. Kanner aligundua kwamba kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia 1911, wanasheria walikuwa wakienda kortini kuwatoa wasichana humo kwa jina la uhuru, huku nyuma yao wakiwapo matajiri waliotaka watumishi wa nyumbani wa bei ya bure. Waliotolewa namna hiyo walikuwa 166. Bibi mwenye nyumba akimchoka msichana, humtupa nje na kuagiza mwingine. Kanner aliwatafuta mmoja mmoja. Akawakuta wengi katika ufukara, maradhi na ukahaba, na wengine wamekufa. Mwaka 1937 aliyasema hayo hadharani mbele ya madaktari wenzake, magazeti yakayachukua, na mji mzima ukaaibika. Nani kati yetu hajaona, Mombasa au Nairobi, binti mzito wa kufahamu aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia kazi, asiyejua mshahara wake ni kiasi gani wala unaingia mfuko wa nani?

Miaka hiyohiyo aliwatilia saini na kuwatafutia kazi madaktari wengi wa Kiyahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler. Na mwaka 1942, daktari mmoja mkubwa wa Marekani, Foster Kennedy, alipoandika katika jarida la wataalamu wa akili kwamba watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili ni afadhali wauawe kwa huruma, aliyepewa nafasi ya kujibu katika toleo lilelile alikuwa Kanner. Alikataa katakata. Aliwakumbusha wasomi wale kwamba watu wanaodharauliwa kwa uchache wa akili ndio wanaozoa taka na kuchuma pamba, na wakiacha siku chache tu wasomi hawataishi vizuri.

Sasa usonji. Mwaka 1937 mtoto wa miaka mitatu aitwaye Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, aliwekwa na wazazi wake katika taasisi, kwa ushauri wa madaktari. Hakuwa akiitikia jina lake, wala hakumkimbilia mama yake, lakini alikariri mambo na kuzungusha vitu kwa saa nyingi. Humo ndani akanyauka. Baada ya takriban mwaka mmoja wazazi walimtoa, ingawa wakubwa wa mahali pale walishauri abaki. Baba, aliyekuwa wakili, akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33 akieleza kila alichokiona kwa mwanawe. Oktoba 1938 walifika Baltimore.

Kanner hakuwa na jina la kumpa. Akaendelea kuangalia, akaletewa wengine, mpaka mwaka 1943 akachapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, wote wakipenda upweke na wote wakitaka mambo yasibadilike. Hapo ndipo usonji ulipoingia katika vitabu vya tiba vya Marekani kama hali inayosimama peke yake. Haki isemwe: daktari mwanamke, Grunya Sukhareva wa Moscow, alikuwa ameeleza watoto wa namna hii tangu miaka ya 1920, na Kanner alisaidiwa na Georg Frankl, mkimbizi kutoka Vienna, aliyewajua watoto hao kabla yake. Sifa zilikwenda kwa mmoja.

Ila kilichonishika mimi hakimo katika makala ile. Mwaka 1942, Donald akiwa na miaka 9, wazazi wake walimpeleka kuishi kwa mume na mke wakulima, wa ukoo wa Lewis, maili chache kutoka nyumbani. Hawakuwa wataalamu wa chochote ila mahindi na ng'ombe. Mwezi Mei 1945 Kanner alisafiri kwenda kumwona, na alichokikuta alikisimulia mpaka uzeeni.

Donald alikuwa na wazimu wa kupima vitu. Mkulima hakumkataza. Alimpa kazi ya kuchimba kisima, kila mara aseme kimefika kina gani. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa na kuwaleta nyumbani. Wakampa kipande cha ardhi kiwe makaburi yao, kila kaburi aliwekee alama. Alikuwa hawezi kupita shambani bila kuhesabu mistari ya mahindi, basi wakamwambia ahesabu huku akilima. Kanner alisimama akamtazama akilima mistari sita mirefu kwa plau ya farasi, akimgeuza farasi vizuri kila mwisho wa mstari. Akienda shule ya kijijini, na huko walimu walimpokea alivyo.

Nimewahi kusoma mipango mingi ya stadi za maisha, yenye majedwali na rangi. Sijaona uliopita huo. Wale wakulima hawakujaribu kumwondolea mtoto tabia yake. Walitafuta kazi inayoihitaji.

Hapa ni lazima niseme na ubaya wake, kwa kuwa kina mama wanaonisoma wameulipia. Kanner aliandika kwamba wazazi wa watoto hawa wengi walikuwa wasomi wakavu, wasio na joto la mapenzi. Ingawa mwanzoni alisema hali hii ni ya kuzaliwa nayo, maneno yake kuhusu ubaridi wa wazazi yalienea, wengine wakayazidisha, na kwa miaka mingi mama aliyempeleka mtoto hospitalini alirudi na lawama. Mwaka 1969, mbele ya mkutano wa wazazi mjini Washington, Kanner aliwatangaza kuwa hawana hatia. Alichelewa. Sisi huku hatukuhitaji yeye kutufundisha kulaumu mama. Tulikuwa na majini, laana na chakula alichokula akiwa mjamzito. Jirani yangu ametozwa na waganga watatu kwa sababu tatu tofauti.

Mwaka 1971, akiwa mzee aliyestaafu, alifanya kitu ambacho madaktari wachache hukifanya: aliwatafuta tena watoto wake 11 wa mwaka 1943 aone maisha yamewafikisha wapi. Wengine hakuwapata. Waliofungiwa katika hospitali kubwa za serikali walikuwa wamezimika, uwezo waliokuwa nao utotoni umepotea, wamebaki kukaa. Lakini Herbert, ambaye hakuwa akisema, aliwekwa kwa wakulima, akawa anamfuata mwenye shamba kila aendako. Mwenye shamba alipofariki, mjane akafungua nyumba ya kutunza wazee, na Herbert akabaki naye akisaidia kuwahudumia. Frederick alikuwa ameajiriwa akiendesha mashine za kunakili katika ofisi ya serikali. Na Donald alikuwa karani wa benki mjini kwao, ana digrii ya chuo, anacheza gofu. Kanner aliandika wazi kwamba kupelekwa katika hospitali zile kulikuwa sawa na kifungo cha maisha.

Kanner alikufa Maryland mwaka 1981. Donald aliishi Forest mpaka mwaka 2023, akiwa na miaka 89, dereva wa gari lake mwenyewe, msafiri wa nchi nyingi, na mji mzima ukimjua na kumchunga. Ni kweli familia yake ilikuwa na mali, tena ilihusika na benki ile. Wakulima wa Herbert hawakuwa na benki.

Basi nilirudi kwa jirani nikamwambia nilikosea. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza habari za wale wasichana wa Rosewood, nilizokuwa nimezitaja kwa kupita tu. Yeye aliona haraka kuliko mimi. Kijana asiyejua fedha, mwenye nguvu, asiyechoka kuhesabu mifugo, ni hazina kwa mfugaji. Kwa mjomba anaweza kuwa Donald, na anaweza kuwa mtumishi wa bure mpaka kufa, kila mtu akisifu wema wa mjomba.

Hapa Isiolo hatukumjua afisa wa kumwuliza jambo kama hilo. Mtaala wa sasa una njia ya hatua kwa hatua kwa wanafunzi wenye ulemavu, inayoishia kwenye mafunzo ya kazi. Kwenye karatasi imeandikwa vizuri, ila siku kijana anapotoka darasani hakuna anayempokea mlangoni. Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, nazo huishia kwenye unga. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi Nairobi mwaka 2003, na Nairobi ni safari ya karibu kilomita 285. Kwa hivyo afisa alikuwa mama mwenyewe.

Alimwita kaka yake na mzee mmoja wa mtaa, nami nikaitwa kuandika. Masharti yake yalikuwa haya: kijana apate mbuzi jike mmoja kila miezi sita, akatwe alama ya kwake sikioni, na vizazi vyake viwe vya kijana. Asipelekwe kambi ya mbali ya mifugo bila mtu mzima. Fedha za Inua Jamii zibaki kwa mama, amnunulie nguo. Mama aruhusiwe kwenda wakati wowote bila kutoa taarifa. Mjomba alikasirika sana. Alisema mpwa si kibarua, na kumwandikia karatasi ni kumtukana mbele ya watu. Akaondoka bila kunywa chai. Tulidhani yamekwisha, na mama akaanza kuuliza tena nauli ya kwenda kule kwenye makao.

Mzee wa mtaa ndiye aliyemfuata. Sijui walisema nini. Baada ya siku kumi mjomba alirudi, akaweka kidole gumba kwenye karatasi yangu, akadai tu tuongeze kwamba mbuzi akifa kwa ukame asidaiwe. Tukaongeza.

Siku ya soko iliyopita nilimwona kijana huyo kwenye mnada wa mifugo, amesimama kando ya mjomba wake na fimbo begani. Hakunisalimu, hajawahi kunisalimu. Mjomba alinieleza kwamba jioni moja mwana-mbuzi mmoja alipungua zizini, na kijana akakataa kuingia ndani na kukataa chakula mpaka alipopatikana. Kisha akaniambia, kama analalamika, kwamba sasa hawezi tena kuuza mnyama bila kwanza kumweleza mpwa wake, maana hesabu ikibadilika usiku hakuna anayelala.

Mbuzi wa kwanza ameshatolewa. Ana mikato miwili sikio la kushoto. Mama alipanda gari hadi Kinna kumwona kwa macho yake.