Elliott Joslin na madaftari ya wagonjwa wa kisukari

Mwaka 1921 daktari mmoja wa Boston nchini Marekani alisimulia, katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo, habari za nyumba tatu zilizopakana katika mji mdogo wa jimbo la Massachusetts. Wakuu wa familia saba, wanawake wanne na wanaume watatu, waliishi humo kwa kupokezana, na sita kati yao walizidiwa na kisukari. Lau wangalikufa kwa homa ya matumbo au kifua kikuu, alihoji, idara ya afya ingalihamaki. Kwa kisukari hakuna aliyeshtuka.

Daktari huyo ni Elliott Joslin, aliyezaliwa mjini Oxford, Massachusetts, tarehe 6 mwezi Juni mwaka 1869. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1895, na mwaka 1898 akaanza kutibu wagonjwa mjini Boston. Tangu siku zake za uanafunzi aliandika daftarini habari za kila mgonjwa wa kisukari aliyemwona, na mama yake mzazi alikuwa miongoni mwao. Kufikia mwaka 1916 alikuwa na wagonjwa elfu moja wa kutolea mfano katika kitabu chake cha tiba.

Tiba yenyewe wakati huo ilikuwa ya kusikitisha. Wagonjwa walinyimwa wanga na sukari, wengine wakashindishwa na njaa hadi wakabaki mifupa, ili mradi waongezewe miezi michache. Joslin aliifuata njia hiyo kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mwezi Agosti mwaka 1922 alimdunga insulini mgonjwa wake wa kwanza, muuguzi aliyekuwa amedhoofu mno, naye akapona unyonge wake.

Insulini ilileta fumbo jipya. Wagonjwa ambao zamani wangalifariki wakiwa wamepoteza fahamu sasa waliishi miaka mingi, lakini mishipa yao ya damu iliziba mapema, wakafa kwa maradhi ya moyo. Mwaka 1927 Joslin aliyashuku mafuta mengi katika chakula, pamoja na kolesteroli, au lehemu, iliyozidi katika damu. Vyakula vya mafuta ndivyo vilivyokuwa vimechukua nafasi ya wanga katika sahani za wagonjwa hao.

Je, alipatia? Kwa sehemu. Leo yafahamika kwamba kisukari cha aina ya pili huanza mwili unapokaidi insulini. Ini humwaga damuni mafuta mengi yaitwayo trigliseridi, na kolesteroli nzuri, HDL, hupungua. Mabadiliko hayo huweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya sukari kupanda. Kolesteroli mbaya, LDL, huenda ikawa ya kiasi cha kawaida kwa kipimo, ila chembe zake huwa ndogo na nzito, nazo hudhuru mishipa.

Lakini LDL nyingi peke yake haileti kisukari. Utafiti wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu waliorithi kolesteroli nyingi hupata kisukari kwa uchache kuliko jamaa zao wasioirithi. Nazo dawa za statini, zinazoshusha LDL, huongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari, ingawa kwa wengi faida yake kwa moyo ni kubwa zaidi. Jambo hili lingemfurahisha mtu wa madaftari.

Mwaka 1946 maafisa wa afya wa serikali ya Marekani walianza kuwapima wakazi wa Oxford, mji ule ule alikozaliwa. Waligundua kwamba kwa karibu kila mgonjwa aliyejijua, alikuwapo mwingine asiyejijua.

Ugomvi mkubwa wa maisha yake ulihusu nidhamu. Baadhi ya madaktari waliona kwamba mgonjwa mwenye insulini aweza kula apendavyo, sukari ikipanda kiasi si neno. Joslin alikataa katakata: alitaka mkojo upimwe kila siku, chakula kipimwe, na mgonjwa afundishwe kujitibu. Wapo waliomwona mkali kupita kiasi, na pengine hawakukosea.

Alifariki tarehe 28 mwezi Januari mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 92. Ushahidi ulipatikana baadaye: mwaka 1993 utafiti wa Marekani na Kanada kuhusu kisukari cha aina ya kwanza, na mwaka 1998 ule wa Uingereza kuhusu aina ya pili, ulionyesha kwamba sukari ikidhibitiwa vyema, macho, figo na neva hunusurika.